Jinsi ya Kufuatilia Kukua kwa Telemachus katika Odisea

Kabla ya kufungua Odisea, utenzi wa Kigiriki wa kale wa Homer, weka kando matarajio ya jando. Sisi wa Nairobi, ambako familia nyingi huwapeleka wavulana jandoni wakati wa likizo ya Desemba, huutafuta upesi ukurasa ambao mtoto anatangazwa kuwa mwanamume, na ukurasa huo haumo.

Anza na kitabu cha kwanza kati ya 24, wala usimsikilize anayekushauri urukie zimwi la jicho moja katika kitabu cha 9. Vitabu vinne vya mwanzo ni vya Telemachus, aliyeachwa mchanga baba yake, Odysseus, alipokwenda kupigana Troy miaka 20 iliyotangulia. Shika penseli, tia alama kila anaponena mbele ya watu, kisha uandike pembeni kilichofuata. Mapema anamwamuru mama yake, Penelope, arudi chumbani, naye mama anatii kwa mshangao. Wapo wanaosema amekwisha kukua, lakini mimi naona ni ukali wa kijana tu, kwa maana katika kitabu cha pili anaitisha baraza, anawashtaki wachumba wanaomposa mama yake huku wakila mali ya baba yake, halafu anaitupa chini fimbo ya msemaji na kuangua kilio.

Safari zake za Pylos na Sparta, anakokwenda kuuliza habari za baba, waweza kuzisoma ukiwa umepanda matatu. Angalia tu jinsi wenyeji wanavyompokea mgeni, adabu iliyoharibika kwao Ithaca.

Kitabu cha 21 kisome polepole, tena kwa sauti. Katika shindano la wachumba, Telemachus anajaribu mara tatu kuutia kamba upinde wa babaye, na mara ya nne angefaulu, ila Odysseus, aliyekwisha kurudi nyumbani na kujificha katika matambara ya ombaomba, anamkataza kwa ishara ya kichwa. Kijana anauweka chini na kujiita dhaifu mbele ya wachumba. Linganisha na kilio cha barazani: aibu hii ameibeba kwa hiari.

Katika kitabu cha 22 baba na mwana wanapigana na wachumba, wachumba wanapata silaha, na Odysseus anapowashuku watu wengine, Telemachus anakiri kwamba ndiye aliyeacha wazi mlango wa ghala. Hapo mimi hutia alama nzito kuliko zote. Hata hivyo usiweke penseli chini, kwa kuwa punde baadaye baba anaagiza wajakazi 12 wauawe kwa upanga, na mwana, kwa uamuzi wake mwenyewe, anachagua kamba.