Jinsi ya kuomba kibali cha kupima rangi za michoro ya miambani Kondoa

Michoro ya miambani Kondoa iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, na ukiikwangua vibaya haitarudi. Kwa hiyo anayetaka kujua ile rangi nyekundu ilitengenezwa kwa kitu gani hapandi tu Kolo, kijiji kilicho karibu na miamba hiyo, na kifaa begani. Vibali vyake hutoka ofisi zaidi ya moja, tena kwa kufuatana.

Anza na andiko la utafiti, na usilifanyie haraka, maana maombi mengi yanakwama hapa. Eleza utapima mwamba upi, mchoro upi, kwa kifaa gani. Tanguliza vipimo visivyogusa mchoro. Kifaa cha mkononi cha eksirei kitakuonyesha chuma kwenye nyekundu, lakini miale yake hupenya rangi na kufika kwenye jiwe, na jiwe lenyewe lina chuma. Andika kwamba utapima pia mwamba mtupu pembeni, ili ulinganishe. Kwa rangi nyeusi, madini ya manganizi yataonekana. Mkaa hautaonekana, kwa sababu kifaa hicho hakioni kaboni. Kama utatumia leza ya Raman, yaani kipimo kinachotambua madini kwa mwanga wa leza, taja nguvu yake: ikizidi, huchoma rangi ya udongo wa njano ikageuka nyekundu. Hapo utakuwa umeharibu mchoro na umepata jibu la uongo.

Ukihitaji sampuli, usiandike "sampuli kadhaa". Mimi niliandika hivyo mara ya kwanza, nikarudishiwa andiko, na ilikuwa haki. Taja idadi, ukubwa (punje isiyozidi kichwa cha pini inatosha), na mahali: ukingo ambao tayari unabanduka, kamwe si katikati ya umbo la mtu au twiga.

Kisha omba kibali cha utafiti COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia Tanzania, kupitia mfumo wao wa mtandaoni. Ambatanisha andiko, wasifu wako na barua ya chuo. Mgeni kutoka nje ya nchi anahitaji mtafiti mwenza wa Tanzania, na baadaye kibali cha ukaazi cha Uhamiaji. Ada zitazame kwenye mfumo siku unayoomba.

Hatua inayofuata ni Idara ya Mambo ya Kale, chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyorekebishwa 1979, ndiyo inayolinda michoro hii. Usidhani kibali cha COSTECH kinatosha. Kama punje zitapimwa maabara ya nje, ruhusa ya kuzisafirisha iombe mapema, kabla hujagusa mwamba.

Ukishapata vyote, pita kwa Katibu Tawala wa Mkoa wa Dodoma, halafu wa Wilaya ya Kondoa, halafu mtendaji wa kata na wa kijiji. Beba nakala za kutosha, kila meza itabaki na yake. Ofisi inayosimamia michoro pale Kolo itakupa mtu wa kukupeleka miambani.

Kwa wazee wa kijiji usiende na karatasi peke yake. Baadhi ya miamba, kama Mungomi wa Kolo, bado ni mahali pa matambiko. Wasalimie, kaa, waeleze kifaa kinafanya nini, uwaulize siku gani unaweza kupanda. Wakikuambia subiri, subiri.

Na ukifika, usimwagie mchoro maji ili rangi ikolee kwenye picha. Maji huacha chumvi juu ya jiwe, na kipimo chako kitaisoma hiyo chumvi.