Anza na 1969: namna ya kumfuatilia Mario Andretti

Wengi wakitaka kumjua Mario Andretti, dereva wa magari ya mbio, hukimbilia 1978, mwaka alipotwaa ubingwa wa dunia wa langalanga (Formula 1). Vijana wanaojifunza ufundi gerejini kwangu siwaanzishii hapo.

Kwanza tafuta picha ya madereva watatu wa safu ya mbele, Indianapolis 500 ya 1969, mbio kubwa za magari za Marekani. Aliyesimama mahali pa Mario si Mario, ni Aldo, pacha wake. Gurudumu la nyuma lilikuwa limechomoka mazoezini, gari likagonga ukuta, na moto ukamuunguza Mario uso. Sasa tafuta picha za baada ya mbio. Mario kashinda kwa gari la akiba, na Andy Granatelli, mwenye timu, anambusu shavuni.

Ndipo urudi nyuma. Alizaliwa 1940 Montona, wakati huo Italia, leo Kroatia. Familia ikakimbia, ikaishi kambi ya wakimbizi Lucca, na 1955 ikahamia Nazareth, Pennsylvania. Huko mapacha hao walifufua gari kuukuu, Hudson ya 1948, wakaanza kuikimbiza kwa zamu 1959. Mwaka huohuo Aldo akaumia vibaya sana. Ukishajua hilo, ile picha ya safu ya mbele irudie.

Daytona 500 ya 1967, mbio nyingine kubwa za Marekani, alishinda pia. Itazame ukipata nafasi.

Kabla ya kufika 1978, chukua karatasi mbili. Zishike wima mbele ya mdomo, zitazamane, ziachane vidole viwili, kisha puliza katikati. Utadhani zitatawanyika, kumbe zinavutana! Hewa ikienda kasi, mgandamizo wake hupungua, na hewa ya nje huzisukuma ndani. Lotus 79, gari la Mario la 1978, ilifanya hivyo chini ya bodi: uvungu umechongwa, pembeni umezibwa kwa mapazia yanayogusa lami, gari linanata barabarani kwenye kona. Vijana wangu hupuliza hata mara nne ndipo wanaamini. Hapo wawekee mbio za Zolder, Ubelgiji, gari hilo liliposhinda.

Monza, uwanja wa mbio wa Italia, iwe ya mwisho. Mario alikwenda pale 1954, mtoto wa miaka 14, kumtazama dereva Alberto Ascari. Palepale, 1978, akawa bingwa. Lakini mwenzake wa timu, Ronnie Peterson, alipata ajali mbio zilipoanza, akafariki siku iliyofuata. Kama kuna watoto wadogo sebuleni, ngoja walale kwanza, maana mwanzo wa mbio hizo una moto.