Kutoka Cumberland hadi Pittsburgh kwa baiskeli, juu ya tuta la reli ya zamani

Waswahili wenzangu tunaoishi Pittsburgh, Washington na miji ya jirani, wengi wetu tunaamini safari ndefu ya baiskeli ni kazi ya wanariadha. Mimi ni mama wa makamo, nafanya kazi ya zamu ya usiku, na nawaambia mnaweza. Njia ya Great Allegheny Passage ina urefu wa kilomita 241, kutoka Cumberland, jimbo la Maryland, hadi Pittsburgh, Pennsylvania. Haina kiingilio wala kibali, na magari hayapiti. Mtu wa kawaida anaiweza kwa sababu moja: ilijengwa kwa ajili ya treni.

Marehemu baba alikuwa nyapara wa genge la reli Tabora. Nimekulia kota za reli, na tangu utotoni najua kwamba treni yenye mzigo haiwezi mlima mkali. Aliyesafiri na Reli ya Kati anakumbuka jinsi treni inavyojikunja pale Saranda ikipanda kuelekea Manyoni. Wahandisi wa Western Maryland Railway nao walikuwa na shida hiyohiyo walipoifikisha reli yao Connellsville mwaka 1912. Penye bonde wakajenga daraja, penye mlima wakatoboa handaki, na kona zote wakazifanya pana. Treni ziliacha kupita huko mwaka 1975, vyuma na mataruma vikang'olewa, tuta likabaki. Kipande cha kwanza cha njia ya baiskeli, karibu na Ohiopyle, kilifunguliwa mwaka 1986, na cha mwisho kikakamilika 2013. Ukishapita Connellsville unafuata zaidi tuta la reli nyingine, Pittsburgh and Lake Erie. Basi ipange safari yako kama dereva wa treni: angalia mwinuko, kisha stesheni, mzigo uje mwisho.

Uanzie wapi

Cumberland iko kama mita 190 kutoka usawa wa bahari. Kilele cha njia kiko mita 729, kwenye mgongo wa milima unaogawa maji: ya upande mmoja yanakwenda Atlantiki, ya upande wa pili yanaishia Ghuba ya Mexico. Kilele hicho kiko kilomita 38 tu kutoka Cumberland. Kutoka hapo hadi Pittsburgh ni kilomita mia mbili na ushee za kuteremka taratibu.

Kuna wanaopenda kuanzia Pittsburgh ili wamalizie na mteremko mkali zaidi. Mimi nakushauri uanzie Cumberland. Unapanda siku ya kwanza, ukiwa na nguvu zako zote, na hata huko kupanda kwenyewe hakufiki mita mbili kwa kila mita mia. Mlima hutauona kwa macho, utausikia magotini. Weka gia nyepesi tangu mwanzo, usishindane na mtu, na usisimame juu ya pedali. Panga asubuhi nzima kwa kilomita hizo 38, pamoja na kupumzika Frostburg iliyo kama kilomita 26 kutoka mwanzo. Ukifika kileleni, kazi ngumu ya safari nzima umeshaimaliza kabla ya jua kutua siku ya kwanza.

Kufika Cumberland, panda treni ya Amtrak, kampuni ya treni za abiria, inayopita kati ya Pittsburgh na Washington. Ni moja tu kwa siku kila upande, na inasimama pia Connellsville, kwa hiyo mwenye siku chache anaweza kufanya nusu ya njia. Nafasi ya baiskeli unaiwekea oda pamoja na tiketi yako. Usingoje, kwani nafasi hizo ni chache na wikendi za joto huisha mapema. Huna haja ya kuifungua baiskeli na kuitia kwenye boksi: unavua mabegi tu, unaikabidhi kwenye behewa la mizigo.

Mahandaki na madaraja

Hapa ndipo ninapopapenda kuliko pote, na hapa ndipo taa inapohitajika. Nunua taa halisi ya mbele na nyekundu ya nyuma, maana ya simu haitoshi. Kati ya Cumberland na Frostburg njia inakwenda sambamba na reli ambayo bado inatumika kwa treni ya watalii. Kwenye handaki la Brush mnapita humohumo, wewe na treni. Ukisikia honi, simama nje ungoje ipite. Baada ya Frostburg kuna handaki la Borden ambalo ndani ni giza tupu. Vua miwani ya jua kabla hujaingia, punguza mwendo, piga kengele.

Kisha utavuka mpaka wa Maryland na Pennsylvania, ule mstari wa Mason na Dixon ambao katika historia ya Marekani uligawa majimbo ya watumwa na majimbo huru. Shuka kwenye baiskeli hapo, hata kwa dakika chache. Mimi hushuka.

Mbele kidogo unakutana na Big Savage, handaki la kilomita moja hivi. Kabla ya kuingia geuka nyuma utazame: milima ya Maryland iko chini yako, na kama unaanzia Cumberland mandhari hayo huyaoni tena ukishatokea upande wa pili. Ndani kuna taa na baridi, hata mwezi wa Julai, kwa hiyo vaa sweta mlangoni. Handaki hili hufungwa majira ya baridi, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi mapema Aprili, ili barafu isiliharibu. Hakuna njia fupi ya kulizunguka, basi usipange safari nzima miezi hiyo.

Karibu na Meyersdale utapita juu ya daraja la Salisbury, karibu mita 580, mto Casselman ukiwa chini kabisa na mashamba pande zote. Wenye kizunguzungu washike katikati. Ukishapita Rockwood kuna handaki la Pinkerton, la mita 260 hivi, lililofunguliwa upya mwaka 2015.

Stesheni zako

Siku nne zinatosha bila kujichosha. Siku ya kwanza lala Meyersdale, kilomita 51. Siku ya pili pita Rockwood na Confluence, ulale Ohiopyle, kama kilomita 65. Ya tatu, kupitia Connellsville hadi West Newton, ni kama 67. Ya nne ni 58 hadi mjini Pittsburgh. Miji hii ilikua pembeni ya reli, ndiyo maana unaifikia kwa mpangilio, na karibu yote ina nyumba za wageni zilizozoea watu wenye matope. Piga simu kabla. Vibao vya njia vinahesabu kwa maili kuanzia sifuri Cumberland hadi 150 Pittsburgh, kwa hiyo ukimpigia mtu kuomba msaada, mtajie namba ya kibao cha mwisho ulichokipita. Bondeni, hasa kati ya Rockwood na Ohiopyle, mtandao wa simu hukatika. Beba ramani ya karatasi.

Maji jaza kila mjini. Njiani utaona vijito vyenye rangi ya chungwa: hayo ni maji yanayotoka kwenye machimbo ya zamani ya makaa ya mawe. Usiyanywe, hata ukiyachuja.

Chakula nabeba chapati zilizokunjwa na karanga ndani, viazi vitamu vya kuchemsha na mayai. Vitu vya dukani vyenye sukari vinakupa nguvu ya nusu saa tu, kisha miguu inalegea.

Baiskeli na mzigo

Njia sehemu kubwa imemwagwa jiwe la chokaa lililosagwa, laini na gumu ikikauka, nzito kidogo baada ya mvua. Baiskeli ya tairi nyembamba za mashindano haifai. Tairi za milimita 35 au zaidi ziko sawa, na baiskeli ya kawaida ya milimani inatosha kabisa. Funga keria nyuma uweke mabegi pembeni. Begi la mgongoni litakuumiza mabega kabla hujafika Frostburg. Beba tyubu mbili, pampu, viraka, na ujue kuziba pancha mwenyewe. Dada zangu msinielewe vibaya, nasisitiza hili kwenu hasa, kwa sababu wengi tumezoea kazi hiyo ifanywe na kaka. Fanyeni mazoezi sebuleni mpaka mzoee. Anayevaa hijabu au sketi ndefu avae suruali ndani na kufunga pindo la upande wa cheni.

Pita kulia, na ukitaka kumpita mtu piga kengele mapema umpite kushoto. Mtembea kwa miguu ana haki kuliko baiskeli, na farasi ana haki kuliko wote.

Kupe ni jambo la kuzingatia kuliko dubu. Wako wengi kwenye majani marefu, na huambukiza ugonjwa wa Lyme. Kila jioni jikague: nyuma ya magoti, kwapani, kiunoni, na kichwani mwa watoto. Ukimkuta, mng'oe kwa kibano ukimshika karibu kabisa na ngozi.

Asiye na baiskeli asiachwe. Kipande cha kati ya Confluence na Ohiopyle, kama kilomita 17, ni matembezi ya siku moja yenye kivuli, mto Youghiogheny ukiwa pembeni muda wote. Wazee na watoto wanaweza kutembea kilomita mbili tatu kutoka Ohiopyle, wakavuka madaraja mawili ya zamani ya reli na kurudi kula.

Kuingia Pittsburgh

Kuanzia McKeesport njia inakuwa ya lami na mji unaanza. Utapita Homestead, palipokuwa na viwanda vya chuma na mgomo mkubwa wa wafanyakazi wa 1892, kisha utavuka mto Monongahela juu ya daraja la Hot Metal, ambalo zamani lilipitisha chuma kilichoyeyuka kutoka tanuri kwenda kiwandani. Fuata vibao hadi Point, mito miwili inapokutana na kuwa Ohio. Mabasi ya jiji yana keria ya baiskeli mbele. Mwonyeshe dereva kwanza kabla hujaipandisha, na ukishuka mkumbushe.

Jioni hiyohiyo futa cheni kwa kitambaa kikavu na uitie mafuta mapya. Vumbi la chokaa likichanganyika na mafuta ya zamani linakula meno ya gia, na ukiliacha wiki nzima utanunua cheni nyingine.