Jinsi ya Kufuatilia Utumishi wa Destroya ya Marekani ya Wakati wa Vita

Anza na nambari ya ubavuni, wala si jina, kwa kuwa Jeshi la Wanamaji la Marekani lilizoea kuipa manowari mpya jina la iliyozama: destroya (manowari ndogo yenye kasi) Laffey yenye nambari DD-459 (DD ni alama ya destroya) ilizama karibu na kisiwa cha Guadalcanal, katika Bahari ya Pasifiki, Novemba 1942, ilhali Laffey DD-724 ilinusurika mashambulizi ya ndege za Kijapani za kujitoa mhanga karibu na kisiwa cha Okinawa, Japani, tarehe 16 Aprili 1945.

Kisha soma shajara ya vita ya meli husika, ukiilinganisha na ripoti za mapigano, ambazo, kwa maoni yangu, huelekea kuzidisha hasara za adui.

Usiishie 1945, Vita vya Pili vya Dunia vilipomalizika. DD-724 iliondolewa kazini 1947, ikarejeshwa 1951 wakati wa Vita vya Korea, na kustaafishwa 1975.