Saa sita za mwisho: kumaliza na kuwasilisha gemu ya saa 48

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye gemu yake inachezeka kwa kiasi fulani, muda unayoyoma, na bado hajapakia chochote mtandaoni. Nitatumia mfano wa shindano la kutengeneza gemu ndani ya saa 48 linaloendeshwa kwenye itch.io, tovuti ya kuchapisha gemu, na gemu iliyotengenezwa kwa Godot, programu ya kutengenezea gemu, kwa kuwa ndivyo ninavyovitumia mwenyewe. Anayetumia Unity, programu nyingine ya aina hiyo, au anayeandika kwa lugha ya JavaScript tupu atakutana na mambo yale yale.

Hatua ya 1: Hesabu saa ya mwisho kwa Kiswahili. Mashindano mengi hutangaza muda wa kufunga kwa UTC, yaani saa rejea ya dunia nzima, na saa za Afrika Mashariki ziko mbele kwa saa 3. Mtu anayesoma 11:00 UTC akabandika ukutani karatasi yenye maneno "saa kumi na moja jioni" atafika mlango umefungwa saa 3 zilizopita, kwa sababu 11:00 UTC kwetu ni 14:00, yaani saa nane mchana. Ukishapata saa sahihi, rudisha nyuma saa mbili, na hiyo ndiyo iwe saa yako ya mwisho. Umeme hukatika, na bando huisha usiku ambao maduka yamefungwa.

Hatua ya 2: Acha kuongeza. Zikibaki saa sita, orodha ya mawazo mapya ifungwe. Gemu inahitaji mwanzo, mwisho, na njia ya kuanza upya bila kufunga kivinjari. Kama ngazi ya tatu ya gemu haijakamilika, iondoe. Mchezaji hawezi kukosa kitu ambacho hakujua kuwa kilikuwepo.

Hatua ya 3: Toa toleo la wavuti sasa hivi, hata kama gemu ina kasoro. Wengi wa watakaokupigia kura hawatakubali kupakua faili la mtu wasiyemjua, kwa hiyo gemu inayofunguka ndani ya kivinjari huchezwa na watu wengi zaidi. Faili kuu lipe jina la index.html, kisha bana yaliyomo kwenye folda, si folda yenyewe, ili index.html ikae juu kabisa ndani ya faili la zipu (.zip). Gemu tupu ya Godot 4 hufikia makumi ya megabaiti kabla ya kubanwa, kwa hiyo pima bando lako mapema. Kuanzia Godot 4.3 unaweza kutoa toleo la wavuti lisilotumia nyuzi nyingi za kichakato (threads), yaani kazi kadhaa zinazoendeshwa kwa wakati mmoja. Ninashauri chaguo la nyuzi ubaki umelizima, kwa kuwa likiwashwa gemu hudai mpangilio maalumu wa seva.

Kuna mitego mitatu ambayo huonekana tu baada ya kupakia. Wa kwanza ulinipata katika shindano langu la kwanza: picha niliiita Ukuta.png, lakini ndani ya msimbo (code) wa gemu niliandika ukuta.png. Kwenye laptop yangu ya Windows, ambayo haijali herufi kubwa na ndogo, kila kitu kilikuwa shwari. Ndani ya toleo lililopakiwa, ambako herufi hizo hutofautishwa, mhusika alikuwa akitembea hewani juu ya ukuta usioonekana. Wa pili ni sauti: vivinjari huzuia sauti mpaka mtu abonyeze kitu, kwa hiyo weka skrini ya mwanzo yenye maneno "Bonyeza kuanza", na muziki uanze hapo. Wa tatu ni kibodi. Vitufe vya W, A, S na D hukaa vizuri chini ya vidole vyetu, lakini kwenye kibodi ya Kifaransa, ambayo utaikuta pia Lubumbashi na Bujumbura, herufi hizo zimetawanyika. Ruhusu mishale pia.

Hatua ya 4: Mkabidhi mtu mwingine, kisha unyamaze. Nilimpa mdogo wangu gemu ambayo niliamini inajieleza yenyewe. Alikaa karibu dakika nzima mbele ya mlango akibonyeza kitufe kirefu cha nafasi (spacebar), wakati mlango ulifunguliwa kwa E. Sikurekebisha mlango, niliandika herufi E juu yake, kazi ya dakika mbili.

Hatua ya 5: Andaa ukurasa. Picha ya jalada, picha tatu za skrini, sentensi mbili za maelezo, na orodha ya vitufe vinatosha. Taja sauti na picha ulizoazima pamoja na leseni zake. Weka alama kwenye kisanduku kinachosema faili litachezwa ndani ya kivinjari, na upange upana na urefu wa fremu ulingane na gemu.

Hatua ya 6: Wasilisha, kisha hakikisha. Ukurasa mpya wa itch.io huanza kama rasimu inayoonekana na mwenyewe tu. Ubadilishe uwe wa hadharani. Kupakia gemu na kuiwasilisha ni mambo mawili tofauti: lazima uende kwenye ukurasa wa shindano, ubonyeze kitufe cha kuwasilisha, na uchague gemu yako. Halafu fungua dirisha la faragha, au simu ya rafiki, ucheze kutoka mwanzo hadi mwisho kama mgeni. Kama muda upo unaweza kubadilisha faili, ila weka pembeni nakala ya toleo linalofanya kazi. Kasoro utakayoigundua baada ya kufungwa iandike waziwazi kwenye ukurasa, kwa kuwa mashindano mengi hufunga faili wakati wa kupiga kura.

Bando lililobaki litumie kucheza gemu za wenzako na kuwaachia maoni. Katika Ludum Dare, shindano maarufu la aina hii lililoanza mwaka 2002, gemu inayopata chini ya kura 20 hivi haiwekwi kwenye nafasi, na wengi wa wanaokuja kucheza yako ni wale uliotangulia kucheza zao.