Kuchunguza na Kutibu Upungufu wa Homoni za Thairoidi kwa Dubu Wazee Waliofugwa

Dubu aliyevuka miaka 20 akianza kunenepa, kuzubaa na kupukutika manyoya, watunzaji wengi husema ni uzee tu. Mimi huitilia shaka tezi yake ya thairoidi, ile ya shingoni inayotoa homoni za kuongoza kasi ya mwili kutumia nguvu, lakini siandiki dawa mpaka hatua hizi zikamilike.

Hatua ya kwanza ni kumtazama. Mpime uzito kila mwezi, mpige picha za mgongo na mbavu, na uandike kiasi anachokula. Manyoya yakipukutika sawia pande zote mbili bila mwasho, shaka inaongezeka. Akijikuna, tafuta kwanza utitiri na ukungu wa ngozi. Angalia pia mwendo wake, maana dubu anayeumwa viungo naye hulala mchana kutwa.

Hatua ya pili ni damu, na hapa ndipo makosa mengi hutokea. Kwa dubu weusi wa Amerika Kaskazini, homoni za thairoidi hushuka zenyewe wakati wa usingizi wa majira ya baridi, hivyo damu iliyochukuliwa wakati huo inaweza kumwonyesha dubu mzima kuwa mgonjwa. Maradhi mengine mazito, pamoja na dawa za jamii ya kotikosteroidi (za kutuliza uvimbe), hushusha vilevile T4, homoni kuu ya thairoidi. Kwa hiyo subiri majira ambayo dubu yuko macho na anakula vizuri, kisha upime T4 yote, T4 huru (isiyoshikamana na protini za damu) na TSH (homoni ya ubongoni inayoiamuru thairoidi kufanya kazi) kwa pamoja, ukilinganisha na majibu ya dubu huyohuyo alipokuwa na afya njema. Ndiyo maana nawasihi watunzaji wahifadhi seramu (maji ya damu) kila mwaka, na wamzoeze dubu kwa kumtuza hadi atoe mwenyewe mguu wa mbele kwenye tundu la kizimba, ili asilazimike kulazwa kwa dawa ya usingizi.

Akilazwa kwa sababu nyingine, tumia nafasi hiyo kupiga picha ya mawimbi ya sauti shingoni, kutafuta uvimbe.

Hatua ya mwisho ni levothairoksini, yaani T4 ya kutengenezwa, kwa dozi ndogo ikiwa moyo ni dhaifu. Mpe saa ileile kila siku, mbali na virutubisho vya kalsiamu na chuma. Rudia kupima damu baada ya wiki 6 hivi, saa 4 hadi 6 baada ya kidonge. Uchangamfu hutangulia, manyoya huchukua miezi. Akihangaika, akikonda au mapigo ya moyo yakienda mbio, punguza dozi. T4 ikiwa sawa lakini dubu hajabadilika, rudi ukachunguze viungo, meno na figo.