Jinsi ya Kuomba Kilima cha Kijiji Kiwe Hifadhi Kabla Mradi wa Sola Haujafika

Sisi wa Kondoa, mkoani Dodoma, tunajua kilima kinagharimu nini. Mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma), wa kuzuia mmomonyoko wa udongo, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye maeneo yaliyoliwa na mmomonyoko ili ardhi ipumue. Wazee wetu walilipa gharama hiyo kwa ng'ombe wao. Leo miti imerudi, na chini ya kilima chetu kuna kisima cha kuchimba kwa mkono ambacho hata Oktoba hujaza ndoo, ukiwa na subira. Umeme wa jua nautaka sana. Lakini mradi wa sola wa Kishapu, kule Shinyanga, umewekwa kwenye nyanda, na sisi nyanda tunazo. Ukifyeka mteremko ili upange paneli, unayaita makorongo yarudi.

Njia yenye nguvu kuliko kelele ni kukiombea kilima hadhi ya hifadhi ya msitu ya kijiji chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. (Nazungumzia vijiji. Kilima kikiwa ndani ya mtaa wa Jiji la Dodoma, utaratibu ni mwingine. Anzia ofisi ya ardhi ya Jiji.)

Kwanza nenda kwa mtendaji wa kijiji, uombe kuona cheti cha ardhi ya kijiji na mpango wa matumizi ya ardhi. Tazama kilima kimeandikwaje. Kikiwa kimeandikwa "akiba", harakisha, maana mgeni akiuliza wapi kuna eneo, huko ndiko anakoonyeshwa kidole.

Pili, andika barua kwa Halmashauri ya Kijiji, kupitia kwa mwenyekiti, kuomba ajenda. Usiandike "tunapenda mazingira". Taja jina la kilima, kisha mipaka kwa vitu vinavyojulikana: mbuyu fulani, korongo fulani, njia ya mifugo. Taja kaya zinazochota maji pale, wanaookota kuni, wanaotundika mizinga, na makaburi kama yapo. Barua yetu ilikuwa kurasa mbili, na mistari iliyosomwa kwa sauti ni ile ya kisima.

Tatu ni Mkutano Mkuu wa Kijiji, na hapa nitakaa kidogo. Kwa kawaida hufanyika kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi mwenye miaka 18 au zaidi ana sauti. Halmashauri ya Kijiji hupendekeza tu. Mkutano ndio unaoamua. Miaka ya nyuma, wageni wa kampuni moja walikuja kutusalimia. Tukasaini karatasi ya mahudhurio, tukanywa soda. Baadaye karatasi ile ile ilionekana wilayani, imebandikwa nyuma ya muhtasari unaosema wanakijiji wameridhia. Dole gumba la mama yangu lilikuwa mstari wa tisa. Mama hakuridhia chochote, alikwenda kusikiliza. Tangu siku hiyo, kabla mtu hajasaini, kichwa cha karatasi kinaandikwa kwa kalamu: tarehe, ajenda, na maneno "mahudhurio tu, si ridhaa". Kwenye mkutano wa kupitisha hifadhi, hesabuni kura kwa mikono, idadi iandikwe, na muhtasari usomwe kabla watu hawajatawanyika.

Baada ya hapo muombeni afisa misitu wa wilaya aje mpime mipaka pamoja. Kamati ya maliasili iandae mpango wa usimamizi na sheria ndogo, mkutano uzipitishe, kisha ziende Halmashauri ya Wilaya kuidhinishwa na hifadhi iandikishwe. Hatua hii ni ya kufuatilia, nauli na uvumilivu. Mkishaisimamia hifadhi kwa miaka isiyopungua mitatu, mnaweza kuomba itangazwe kwenye Gazeti la Serikali.

Na kama mwekezaji ameshafika? Mwulizeni eneo analotaka ni hekta ngapi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishiwa ardhi ya jumla (isiyo ya kijiji wala hifadhi, ambako mwekezaji anaweza kupewa) na haizidi hekta 250, Mkutano Mkuu ndio unaokubali au kukataa. Ikizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri, ila maoni yenu lazima yafikishwe. Mradi wa megawati 50 kwa kawaida huhitaji kama hekta 100, kwa hiyo mara nyingi kura ni yenu. Hata hifadhi iliyoandikishwa inaweza kuombwa ihamishwe kwa manufaa ya umma, ndiyo maana kura hiyo msiilalie. Tena uhamisho haukamiliki kabla ya kukubaliana fidia: kiasi gani, kwa namna gani, lini.

Dai pia tathmini ya athari kwa mazingira. Mtaalamu wake akija, mpeleke kwenye kisima kwa miguu, wakati wa kiangazi, akaone ndoo ikijaa. Maoni yenu yapelekeni kwa maandishi.

Kila karatasi iwe na nakala tatu: moja ya ofisi ya kijiji, moja ya wilaya, moja ibaki nyumbani kwa mtu asiye kiongozi. Usitoke wilayani kabla nakala yako haijagongwa muhuri wa "imepokelewa" wenye tarehe. Ukiambiwa mwenye muhuri ametoka, kaa kwenye benchi umsubiri.